Mashini ilikufa, orodha ya mbegu haikufa

Juma mbili mbele ya mavuno ya mpunga, mama katibu wa koperativi moja ya upande wa Kiliba alifika kwetu Uvira na mashini ndani ya mfuko wa plastiki. Jenereta ilikuwa imerusha umeme, mashini ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Ndani mulikuwa orodha ya mukopo wa mbegu: nani alichukua kilo ngapi, nani amekwisha kurudisha. Daftari ya karatasi iliishia mwezi wa pili, juu kuandika mara mbili kulimuchosha.

«Wanamemba wameanza kusema nimekula mbegu yao,» alituambia. Fundi mumoja alikuwa amemwambia mashini imekufa, anunue ingine. Fundi hakudanganya, lakini mama hakuuliza habari ya mashini. Aliuliza habari ya orodha.

Sisi ni waagronomu, tunajua zaidi mihogo kuliko kompyuta. Ila hii kazi tumeifanya zaidi ya mara moja. Maandishi hayakai kwenye kioo wala kwenye vidude vya kuandikia. Yanakaa mu disiki duri, kakisanduku ka sentimita saba kwa kumi hivi. Mashini nyingi za sasa ziko na kapande kembamba tu, kama kipande cha chingamu. Mashini ikiungua, mara nyingi disiki iko salama.

Tulitoa betri, tukafungua visikurubu vya chini, tukavuta disiki. Kisha tukaiunga na waya wa USB wa kazi hiyo kwenye mashini yetu. Mbele ya kununua waya, angalieni umbo la disiki yenu, juu ule wa kisanduku hauingii kwenye kapande kembamba.

Hapa njo watu wanapoteza kila kitu: mashini inaweza kuuliza kama unataka kuformati disiki. Jibu ni hapana! Hata kama inauliza mara tatu. Pia usiandike kitu juu ya ile disiki. Nakili kwanza yote kwenye disiki ingine, halafu utafute pole pole. Sisi tulipitia «Utilisateurs», kisha jina la mama katibu, kisha «Bureau», sababu watu wengi wanaacha kazi yao pale mbele ya macho. Kama disiki inadai ufunguo wa BitLocker, ule wa tarakimu 48, ulizeni mutu aliyefungua mashini siku ya kwanza. Mara nyingi ufunguo uko kwenye akaunti yake ya Microsoft. Bila ule ufunguo, hakuna fundi atakayewasaidia.

Mashini iliyolowana maji ni habari ingine. Sisi wa Uvira tunakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mutо Mulongwe ulipoingia mu nyumba za watu. Kompyuta ikitoka mu maji ya namna ile, mutu anataka kuiwasha «tuone tu». Usiwashe. Umeme ukikutana na maji, kile kilichopona kinaungua. Na kuizika mu mchele haisaidii, matope hayatoki kwa mchele. Mchele ni wa kula. Disiki ya kuzunguka ikilia tik-tik-tik, chomoa pale pale: kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani ya ndani, na kila dakika unaongeza hasara. Hapo ni kazi ya fundi wa disiki mwenyewe, na bei yake inauma.

Ya mama katibu haikulia. Orodha ilitoka nzima, imeandikwa mara ya mwisho siku moja mbele ya mashini kuungua. Tuliitia mu flashi mbili, moja ikabaki kwa mwenyekiti, na tukachapa karatasi. Siku ya mukutano karatasi ilisomwa kwa sauti, jina kwa jina. Jina la mama katibu lilikuwamo: bado anadaiwa kilo tano. Wanamemba walicheka, yeye pia, akatuma mutoto nyumbani kuzileta.