DENI LA TAIFA NA SAUTI YA UMMA

Kila nchi inapobanwa na madeni, hawakosekani watu wa kupendekeza kwamba redio na televisheni ya umma ziwe za kwanza kukatiwa fungu. Hoja yao ni nyepesi: dawa ya deni ni kulipa, na matangazo hayaliwi. Sisi hatukubaliani nao.

Ugiriki iliijaribu njia hiyo. Tarehe 11 Juni, 2013, ikiwa imeelemewa na madeni, Serikali ya nchi hiyo ilikifunga ghafla chombo chake cha utangazaji, ERT, na watumishi zaidi ya 2,600 wakapoteza kazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubadhirifu. Miaka miwili baadaye, tarehe 11 Juni, 2015, ERT ilirejea hewani. Deni halikuwa limekwisha kwa kuzimwa mitambo. Bali wananchi walikuwa wamenyimwa chombo chao wakati ambapo walihitaji mno kuelezwa mambo.

Kwetu visiwani jambo hili lina uzito zaidi. Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na Televisheni Zanzibar, iliyokuwa ya rangi tangu mwanzo, mwaka 1973. Vyombo hivyo havikuanzishwa kwa kutafuta faida. Mvuvi wa Nungwi au Kojani anayetaka kujua hali ya bahari kabla ya kutweka tanga, na mkulima wa Wete anayengoja bei ya karafuu, si watu ambao mfanyabiashara atawajengea mitambo. Pale asipofika mfanyabiashara, hapana budi Serikali ifike.

Lakini fungu la umma si zawadi. Mitambo, mafundi na waandishi wa wilayani walipiwe. Misafara, sherehe na taarifa ndefu za nani kafungua nini na nani kampokea nani, hayo ndiyo ya kupunguzwa. Na kazi ya kwanza ya redio wakati wa dhiki iwe kulieleza deni lenyewe: limekopwa kwa nani, kwa kazi gani, na litalipwa lini.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Wazee wetu nao walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kulipa deni la taifa ni mwananchi, kwa kodi na jasho lake; ni haki yake kusomewa daftari hilo. Kuizima redio kwa kisingizio cha kuokoa fedha ni kumwachia mlipaji deni lote na kumnyang'anya hesabu yake.