MKATABA KWANZA, MAUA BAADAYE

Wengi wakimaliza shule hapa Mau Narok huteremka Naivasha kuchuma maua katika mashamba ya wawekezaji. Je, twajua haki zetu?

Mwaka wa 2007 Karuturi, kampuni kutoka India, ilinunua shamba kubwa la waridi huko. Mwaka wa 2014 ililemewa na madeni, benki ikaweka wasimamizi, nao wafanyakazi wakawa wanadai mishahara.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na mwajiri ndiye wa kuuandika. Basi ndugu zangu, tuudai, tujiunge na chama, tuhifadhi karatasi za malipo. Mwekezaji akirudi kwao, hakimu tutamwonyesha nini? Mali bila daftari hupotea bila habari.