Chakula cha Kuku wa Mayai Kichanganywacho Nyumbani

Mara nyingi mwenye kuku husema ya kuwa kuku wake washiba mahindi kila siku, lakini mayai hayaonekani. Kosa si la kuku. Mahindi humpa kuku nguvu na mafuta, bali yai hujengwa kwa protini, na katika kila kilo 100 za mahindi mna kilo 8 au 9 tu za protini. Kuku atagaye hutaka chakula chenye 16 au 17 katika 100. Azururaye hujazia kwa mchwa na wadudu. Aliyefungiwa bandani hana pa kupata ila mkononi mwako.

Walio karibu na Ziwa Viktoria wana dagaa, na walio Singida na Dodoma wana mashudu ya alizeti. Dagaa wakavu ni protini karibu nusu yao au zaidi, wakiwa safi. Wengi huanikwa juu ya mchanga, na mnunuzi hulipa mchanga kwa bei ya samaki. Kwa hiyo, kabla ya kununua, tia konzi moja katika bakuli la maji, ukoroge, utazame kilichotua chini.

Kwa kilo 10 za chakula, chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 5, pumba za mahindi kilo 1, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliotwangwa kilo 1 na gramu 200, na makombe yaliyosagwa gramu 800. Ongeza chumvi gramu 30, ila kama dagaa wametiwa chumvi, uiache. Usizidishe dagaa, maana mayai yatanuka samaki. Asiye na mizani na aende dukani mara moja, apime kila kitu kwa kopo lake, ajue makopo mangapi hufanya kilo. Kopo la pumba na kopo la mahindi hayana uzito mmoja.

Chumvi ichanganywe kwanza na konzi chache za pumba, kisha pumba zote, kisha vinginevyo, kwa sepetu, juu ya turubai safi. Kuku 10 hula kilo hizo kwa siku 8 hivi. Usichanganye cha zaidi ya wiki mbili, kwa kuwa mafuta ya vitu vilivyosagwa huharibika upesi. Majani mabichi wapewe kila siku.

Sasa twaja kwenye jambo lenye hatari. Watu wengi huchambua mahindi, mazuri wakala wenyewe, yenye ukungu wakawapa kuku. Desturi hii ni mbaya. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa chakula chenye karanga zilizoingia sumu hiyo. Kuku asipokufa, ini lake huharibika, hupunguza kutaga, na sumu yaweza kupita hata katika yai alilalo mtoto wako. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

Kabla ya kuyaweka ghalani, tia mahindi kidogo katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, uitikise, uiache robo saa. Chumvi ikishika kandoni mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yaanikwe tena, na yasianikwe juu ya udongo.

Mwenye soya aweza kuitumia mahali pa sehemu ya dagaa, lakini lazima ikaangwe kwanza, maana soya mbichi humzuia kuku kusaga protini tumboni.

Makombe yasionekane kuwa kitu kidogo. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu, na kuku asipoipata chakulani huivuta katika mifupa yake mwenyewe. Lakini vifaranga wasipewe chakula hiki, kwa sababu kalsiamu nyingi hivyo huwaharibu mafigo. Wao wachanganyiwe chao mbali, pasipo makombe mengi, hata wakaribie kutaga.