Vita viliisha 1979, baba bado anaota vita

Kila Julai 25, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Mkuki, ngao na mashada ya maua huwekwa kwenye mnara, na taifa huwakumbuka waliokufa kwa ajili yetu, wakiwemo wa Vita vya Kagera waliozikwa Kaboya, wilayani Muleba.

Lakini wapo waliorudi. Kijana aliyekwenda vitani mwishoni mwa 1978 leo amevuka miaka 60. Huenda ni baba yako, babu wa watoto wako au jirani yako. Heshima yake isiishie kwenye gwaride.

Mtu aliyeona wenzake wakiuawa anaweza kubaki na kiwewe kwa miaka mingi. Dalili zake ni ndoto za kutisha, kushtuka sana kwa mlio wa ghafla, hasira za haraka, kujitenga na watu, na kukwepa kabisa mazungumzo ya vita. Wengine hutafuta usingizi kwenye pombe. Dalili hizi zinaweza kuzidi siku za kumbukumbu zinapokaribia, au mzee anapostaafu na kubaki na mawazo yake. Huo si uchawi, si ukali wa tabia, wala si woga. Ni ugonjwa, na una tiba: ushauri wa kisaikolojia na, inapobidi, dawa.

Angalia na mwili wake. Milio ya mizinga huharibu masikio, hivyo mzee anayedhaniwa kuwa mkaidi huenda hasikii. Kama ana kipande cha chuma mwilini tangu vitani, amwambie mtaalamu kabla ya kupimwa kwa MRI. Mashine hiyo hutumia sumaku yenye nguvu na inaweza kusogeza chuma hicho.

Nyumbani ufanye nini?

Usimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, msikilize bila kumkatisha na bila kumwambia "hayo yamepita, sahau".

Akiwa ndotoni, usimtikise. Simama mbali kidogo, umwite kwa jina au cheo alichokizoea mpaka aamke.

Wafundishe watoto wasimshtue babu kwa nyuma wala kulipua fataki karibu naye. Waeleze kwa maneno mepesi: babu aliona mambo mazito, ndiyo maana hushtuka, si kwamba hawapendi.

Mpeleke kituo cha afya. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee, liulizie. Mweleze daktari kwamba mzee alikuwa vitani, maana asipoulizwa huenda asiseme. Wakati huohuo apimwe shinikizo la damu, sukari, macho na masikio. Akianzishiwa dawa, asiziache ghafla bila kumuona daktari.

Akisema amechoka kuishi, au ni bora afe, usichukulie ni utani wa uzee. Usimwache peke yake, ondoa silaha, sumu na dawa karibu naye, na mwahishe hospitali siku hiyohiyo.

Nanyi majirani, msisubiri Julai. Mzee anayeishi peke yake anahitaji mtu wa kumsindikiza kliniki, wa kumchotea maji, na wa kukaa naye barazani jioni. Waliokufa tunawawekea maua. Waliorudi, wawekee kiti na uketi nao.