Sharti na masharti: aina ya jumla yenye masharti zaidi ya moja

Sharti (wingi: masharti) ni neno lenye asili ya Kiarabu. Likiwa nomino, hutaja jambo ambalo halina budi kutimizwa ili jingine liruhusiwe: “Mkopo huu una sharti moja.” Likiwa kielezi, hufuatwa na kitenzi cha hali tegemezi: “Sharti aje mwenyewe.” Matumizi yote mawili humfaa anayefafanua aina za jumla katika uandishi wa programu.

Aina ya jumla ni ile ambayo mwandishi wa programu huiachia nafasi, kwa kawaida kwa herufi T, ijazwe baadaye na aina mahususi. T isipowekewa sharti hupokea aina yoyote, lakini machache sana yanaweza kufanywa nayo. Sharti hupunguza wigo na papo hapo humpa mwandishi uwezo: akidai kwamba thamani za T zilinganishike, ataweza kuzipanga kwa ukubwa. Kwa hiyo “sharti” lafaa kuliko “kizuizi”, ambalo hutaja upande wa kukataza tu.

Masharti yakizidi moja, kila lugha ina alama yake. Rust hutumia alama ya kujumlisha, C# hutumia mkato. Java, iliyopata aina za jumla katika toleo la 5 mwaka 2004, huandika:

`<T extends Number & Comparable<T>>`

Yaani, sharti T iwe aina ya namba, na sharti pia ilinganishike. Integer hupita. String hulinganishika lakini si namba. AtomicInteger ni namba lakini hailinganishiki. Zote mbili hukataliwa na kompaila kabla programu haijaanza kazi.

Tahadhari kwa mfasiri. Sentensi “T hupokea namba na vitu vinavyolinganishika” hupotosha, kwani “na” hapa husomeka kama orodha ya makundi mawili, na msomaji atadhani String inakubaliwa. Kiunganishi kimegeuka kuwa “au”. Mkato wa C# huleta hatari iyo hiyo.

*Andika:* “T hupokea aina inayotimiza masharti yote mawili kwa pamoja: iwe namba, tena ilinganishike.”

*Usiandike:* “T hupokea namba na vinavyolinganishika.”