Maharagi marefu na fito zake

Kuna maharagi ya namna mbili. Maharagi mafupi hukua mpaka magotini, halafu huacha kurefuka. Maharagi marefu hayaachi upesi. Yakipata mti wa kushika, hupanda juu mita 2, hata 3.

Katika milima ya Kivu, toka Lubero na Masisi mpaka Kabare na Walungu, watu wengi hulima maharagi marefu. Kwa sababu gani? Kwa sababu watu wa milimani ni wengi na mashamba yao ni madogo. Shamba likikosa nafasi chini, bado lina nafasi juu. Maharagi marefu yakitunzwa vizuri yaweza kuzaa mara mbili, hata mara tatu, kuliko maharagi mafupi katika shamba lililo sawa. Kwa jamaa yenye watoto wengi, hiyo ndiyo tofauti kati ya sufuria tupu na sufuria iliyojaa.

Namna yanavyopanda

Mimea inayopanda haishiki kwa namna moja. Marakuja na maboga hutoa nyuzi nyembamba zinazojikunja na kushika. Pilipili manga hushika mti kwa mizizi midogo inayotoka katika shina lake. Maharagi hayana nyuzi wala mizizi ya namna hiyo. Shina lenyewe ndilo linalojisokota.

Tazameni mche wa haragi refu. Ncha yake huzunguka polepole hewani, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango. Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliandika juu ya mimea inayopanda mwaka 1865. Aliona kwamba ncha ya haragi humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa 2 hivi. Ikigusa ufito, shina huuzunguka na kwenda juu. Mkitazama toka juu, mtaona kwamba huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kwa hiyo mtoto anayesaidia mche kushika ufito aufuatishe njia yake mwenyewe. Akiusokota upande mwingine, utajifungua.

Kule juu majani hupata jua. Upepo hupita katikati yake na kuyakausha upesi baada ya mvua, na magonjwa hupungua. Maganda nayo hayaozi katika matope.

Kupanda na kutunza

Chagueni mbegu nzima, zisizo na matundu wala madoa. Udongo ulimwe vizuri na kuchanganywa na samadi iliyooza. Mistari iachane sentimeta 50, na mashimo sentimeta 20. Katika kila shimo tieni mbegu 2, sentimeta 3 mpaka 5 kwenda chini. Baada ya juma moja hivi miche hutokea.

Fito zisimikwe mapema, miche ingali midogo. Anayekawia hupata hasara mbili: mashina hushikana yenyewe kwa yenyewe, na ufito unapochomwa ardhini hukata mizizi. Ufito uwe na urefu wa mita 2 au zaidi, tena uingie chini sana, usiangushwe na upepo.

Palilieni mara ya kwanza kabla majani hayajafunika udongo. Lakini msiingie shambani wakati majani yana umande au maji ya mvua. Mikono na nguo zenye maji huchukua ugonjwa wa mche mmoja na kuupeleka kwa mwingine.

Maharagi marefu yataka uvumilivu. Mafupi hukomaa kwa miezi 3 hivi. Marefu huhitaji miezi 4 au zaidi. Lakini hayakomai yote siku moja. Maganda ya chini hukauka kwanza, yale ya juu yangali mabichi. Mama huvuna kidogo kidogo, na nyumba hula kwa majuma mengi.

Mavuno yakiisha, msing'oe mizizi. Kateni shina tu. Katika mizizi kuna vinundu vidogo, na ndani yake mmekaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mizizi ikioza shambani, udongo hunufaika, na mahindi yatakayofuata hupata sehemu yake.

Fito zitatoka wapi?

Hapa ndipo taabu ilipo. Fanyeni hesabu. Shamba la ari 1 lina mita 10 kwa mita 10. Lina mistari 20, na kila mstari una mashimo 50. Jumla ni mashimo 1.000. Tukiweka ufito mmoja kwa mashimo 2, zahitajiwa fito 500. Kwa hektari moja ni fito 50.000!

Watu wote wakienda kuzikata msituni, mlima utabaki uchi. Mvua itashuka kwa nguvu, itachukua udongo mzuri na kuupeleka bondeni. Mwisho fito zitakuwapo, lakini udongo wa kuzisimika hautakuwapo tena.

Mlimaji mwenye akili hapeleki panga lake msituni. Hupanda fito kwake mwenyewe. Kwenye kingo za shamba, kukingama na mteremko, hupanda mistari ya matete au ya miti kama kaliandra. Mabua 2 au 3 ya matete yaliyokomaa, yakifungwa pamoja, huwa ufito wa kutosha kwa msimu mmoja. Kaliandra ikikatwa huchipuka tena. Matawi yake huwa fito, majani yake huliwa na mbuzi, na mizizi yake hushika udongo usiteremke.

Baada ya mavuno, fito nzuri zing'olewe, zikaushwe na kuwekwa mahali pasipo na maji. Ufito wa mti uliotunzwa hutumika tena msimu mwingine. Ule uliolala matopeni huoza bure.

Basi neno «kupanda» lina maana mbili, na yote mawili ni ya lazima. Kwanza mtu hupanda miti ya fito, kisha hupanda mbegu. Ndipo maharagi nayo yapande.

Maulizo

1. Kwa nini watu wa milimani wapenda maharagi marefu?
2. Haragi hushika ufito kwa namna gani? Na marakuja je?
3. Kwa nini haifai kuingia shambani wakati wa umande?
4. Shamba la ari 3 lahitaji fito ngapi?
5. Kwenu, fito hutoka wapi? Mwaweza kupanda nini kwenye kingo za shamba la shule?