Mboga za Kiangazi Nyuma ya Jiko, Ariwara

Desemba inapoingia Ariwara, mvua hukatika na upepo mkavu wa kaskazini huanza kupeperusha vumbi jekundu. Mji huu wa soko, ulio katika eneo la Aru, kaskazini mwa Ituri na karibu na mpaka wa Uganda, hukaa hivyo hadi Machi. Mashamba yamekwisha kuvunwa, mbuzi wamefunguliwa, na lengalenga iliyokuwa ikiota ovyo nyuma ya jiko sasa inanunuliwa sokoni.

Huko Ulaya na Marekani, miezi hiyohiyo ndiyo ya baridi. Eliot Coleman, mkulima wa jimbo la Maine aliyeandika vitabu kadhaa kuhusu bustani za majira hayo, anaeleza kwamba mchana ukishapungua chini ya saa 10, mimea karibu huacha kukua. Kwa hiyo yeye hupanda mapema, mboga zikomae kabla ya giza kuzidi, kisha huzivuna kidogokidogo zikiwa zimefunikwa. Ariwara haina shida hiyo. Iko kama nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, na mchana wake ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Jua lipo, joto lipo. Kinachokosekana ni maji.

Basi hesabu ya bustani ianzie kwenye bidoni. Kwenye jua kali, mita moja ya mraba ya mboga huhitaji kama lita 5 za maji kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 linamaliza lita 20, yaani bidoni moja ya manjano, ile ile ambayo mama au binti ameibeba kichwani kutoka kisimani. Mwenye matuta matano anahitaji bidoni tano kila siku, tena kabla hajafikiria maji ya kupikia na kuoga. Ni heri matuta mawili yaliyoshiba maji kuliko matano yenye kiu.

Umbo la tuta nalo hubadilika. Wakati wa mvua udongo huinuliwa ili maji yasituame; wakati wa kiangazi hufanywa kinyume chake. Tuta huchimbwa liwe chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja, samadi ya mbuzi iliyooza ichanganywe na udongo, na kingo zizuie maji yasitoroke. Juu hutandazwa nyasi kavu. Hapo mchwa hufurahi kuliko mwenye bustani, kwa hiyo nyasi zisiguse mashina, na zikaguliwe mara kwa mara. Kumwagilia ni alfajiri au jua linapotua. Maji ya saa sita mchana mengi yake hupotea hewani.

Na uzio! Mbuzi mmoja aliyefunguliwa humaliza kazi ya mwezi mzima kwa dakika chache. Matawi ya miiba yaliyosukwa vizuri yanatosha.

Kupanda nini? Lengalenga ndiyo ya kwanza. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisianguke pamoja, na baada ya wiki tatu au nne mboga iko tayari. Wengi huing'oa na mizizi. Anayeikata kiganja kimoja juu ya ardhi, akaacha majani machache ya chini, huona machipukizi mapya na kuvuna tena zaidi ya mara moja. Majani ya kunde nayo huchumwa yakiwa machanga. Matembele huendelea yakipata maji kidogo tu, na bamia huanza kuvunwa baada ya miezi miwili hivi, kila baada ya siku mbili au tatu, kabla hazijawa ngumu. Sombe, yaani majani ya muhogo, haihitaji hata bidoni, kwani mizizi ya mmea hujitafutia maji chini. Ila majani hayo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana hutwangwa na kuchemshwa sana. Kabichi, inayokaa bustanini karibu miezi mitatu ikinywa maji kila siku, ni afadhali kuinunua.

Nyanya zinastahili taabu yake, kwa kuwa ukavu hupunguza ule ugonjwa wa ukungu unaochoma majani wakati wa mvua. Kitalu huandaliwa Oktoba, miche huhamishwa Novemba udongo ukiwa bado na unyevu, na mavuno huanza kati ya Januari na Februari. Tunda likioza kitako na kuwa jeusi, watu wengi hukimbilia dawa. Mara nyingi kosa ni kumwagilia leo, kuruka siku tatu, kisha kumwaga maji mengi kwa mara moja: mmea unashindwa kufikisha madini ya kalsiamu kwenye tunda. Vidukari, ambao hupenda ukavu, huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo yakinyunyizwa chini ya majani.

Mpangaji asiye na uwanja anaweza kutumia gunia, kama walivyofanya wakazi wengi wa Kibera, Nairobi. Hujazwa udongo na samadi, katikati ikapangwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji hadi chini, na miche ikachomekwa kwenye matundu ya ubavuni.

Bustani ya nyumbani pia ni kinga soko linapoyumba. Soko la Ariwara hutegemea sana mpaka, na shilingi ya Uganda huzunguka humo kama pesa ya nyumbani. Machi 2020, Kongo na Uganda zilipowafungia wasafiri mipaka kwa sababu ya korona, kila kikapu kilichozoea kuvuka kilipata tabu.

Kabla mvua za Machi hazijarudi, acha mashina mawili matatu ya lengalenga yaliyonona yatoe maua na kukauka. Yapukute juu ya kitambaa, pepeta, kisha hifadhi mbegu kwenye chupa kavu iliyozibwa, mbali na moshi na unyevu. Mbegu hizo ndizo utakazopanda kiangazi kijacho bila kununua.